Mkwaruzo Juu ya A

Mama ameileta kwa toroli, imelazwa ubavu
juu ya gunia la korosho, miguu ya chuma imefungwa kamba
kama mbuzi anayepelekwa mnadani.
"Wewe si unapaka pikipiki?
Basi na hii ina gurudumu."

Cherehani ya bibi. Kila mtu Newala aliyezaliwa kabla ya lami
amewahi kuvaa kitu kilichopita chini ya sindano yake:
sare, kanzu ya jando,
na zile kaptura za kaki zenye mfuko mmoja
kwa kuwa kitambaa hakikutosha.

Nimeifungua skrubu moja moja, nikazilaza kwenye kisahani,
nikamimina mafuta ya taa. Kutu ililegea usiku;
asubuhi kisahani kina rangi ya mchuzi.
Mkanda wa ngozi ulivunjika kama biskuti.
Nimekata mwingine kutoka mkanda wa suruali yangu.
Ndani ya shato palikuwa na uzi, wa buluu,
mkia wa kazi ambayo haikumalizwa.

Kutu najifunza. Rangi ndiyo kazi yangu.
Rangi ina umri, ukiikwangua inakwambia.
Juu kabisa, nyeusi ya kopo, imepakwa na mtu mwenye haraka.
Chini yake kijani, kile cha milango ya ghala la ushirika
(bibi alijuana na mtunza ghala, hilo tuliache).
Chini ya kijani, nyeusi nyingine, nzito,
inang'aa kama mgongo wa jongoo,
na maua ya dhahabu yaliyolika nusu.
Hapo msasa ukagota kwenye jina.

ROSÁRIA.

Limechongwa kwa msumari, au ncha ya mkasi,
herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.
Juu ya A ya kwanza pana kimkwaruzo.
Nilidhani kutu. Nikasugua, nikabadili msasa, nikasugua.
Kikabaki, kimeinama kama unyoya.
Bibi yangu aliitwa Somoe.
Halina A hata moja.

Mama alikuja na chupa ya chai, akasoma, akakaa juu ya tairi.
"Walivuka Ruvuma usiku, mwaka nilioota meno ya pili.
Wareno walikuwa wamechoma kwao.
Huyu alikuja na hii kichwani, na mtoto mgongoni.
Akaiweka rehani kwa bibi yako:
debe mbili za mtama, mpaka mavuno."
"Halafu?"
"Halafu mavuno yakaja."
Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.
"Tukasikia wamepelekwa kambini, Rutamba, huko Lindi.
Bibi yako alisema: atakuja.
Kisha akasema: angeitaka angekuja.
Kisha akanunua kopo la kijani."

Kimya. Kompresa ikajinguruma yenyewe, ikanyamaza.
"Lifute," akasema.
Alipofika barabarani akageuka:
"Ngoja kwanza."

Nimengoja siku nne. Ukungu wa huku
hauruhusu rangi ikauke kabla ya saa nne,
na kijana mmoja anataka tangi lake jekundu kabla ya Ijumaa.
Siku ya tano nikabandika gundi ya karatasi juu ya jina,
herufi kwa herufi, na ule unyoya.
Nikapuliza nyeusi, mikono mitatu.
Dhahabu nilichora kwa manyoya ya mbuzi;
maua sikuyapatia, yanafanana na mabibo.
Nikabandua gundi.
Jina limekaa kwenye chuma kitupu.
Litashika kutu tena, nimemwambia mama,
labda mtu alipake mafuta kila mwezi.
Hakuuliza mtu gani.

Leo amejaribu kwa kipande cha khanga, pindo tu.
Cherehani inakimbia, sauti yake mvua ndogo juu ya bati.
Nguo ikipita, jina linafunikwa.
Nguo ikitoka, linarudi.
Mara ya tatu alisimamisha gurudumu kwa kiganja,
akapitisha kidole chenye mafuta kwenye A, akafika kwenye mkwaruzo.
"Debe mbili," akasema.
Sindano ilikuwa bado juu.