Hodi Haitakiwi

Dukani kwa Sajeevan, nyuma ya soko la Sib,
baskeli zimening'inizwa kama nyama ya Idi,
magurudumu juu, na mimi chini yake
na baibui langu, na goti langu la kulia
ambalo daktari wa Khodh kalipiga picha mara mbili
na mara zote mbili akasema: mama, tembea.
Nitembee kwenda wapi? Hapa nyumba na nyumba
zimetengwa na barabara ya njia nne.

Mwanangu Muhannad akaniletea ya kwanza,
nyeusi, nyepesi, ya mashindano,
kiti chake chembamba kama mgongo wa kisu.
"Hii, mama, ina gia ishirini na saba."
Nikamuuliza: mlima wenyewe uko wapi
baina ya nyumbani na tanuri la mkate?
Halafu lile bomba. Bomba la juu,
limenyooka kutoka kitini hadi usukani
kama mkono wa mtu aliyekuzuia mlangoni.

Nalijua bomba hilo. Tulikuwa nalo Wete,
baskeli ya kaka Hilali, nzito kama kitanda cha besera.
Akilala mchana, naiiba.
Bomba lilinifika kifuani,
basi hupitisha mguu chini yake, ndani ya pembetatu ile,
nikaendesha nimejipinda kama ndoana,
nusu yangu huku, nusu yangu kule,
na gauni linaliwa na mnyororo.
Nilikuwa na miaka tisa. Bibi aliiona grisi,
hakusema kitu. Akanipa ndimu na majivu, nifue.

Nilipokua wakanipandisha nyuma, kwenye keria,
miguu upande mmoja.
Miaka arobaini na ushei nimekuwa kikapu cha watu:
kwenye keria, kwenye gari la mume,
sasa kwenye gari la mwana.

"Ile pale," nikasema, "iliyojificha nyuma ya maboksi."
Sajeevan akacheka kwa haya.
Hiyo ni ya zamani, mama, miaka miwili haijaguswa,
rangi yake watu hawaitaki.
Rangi ya tende zinazoanza kuiva.
Fremu yake imeshuka, imeshuka, karibu iguse mnyororo,
kisha ikapanda taratibu kuufuata usukani.
Pale katikati peupe. Hapana bomba, hapana kizingiti,
hapana wa kumpigia hodi.

Niliijaribu kwa mambo yangu.
Baibui sikulikunja. Nikatanguliza mguu mbovu,
ukapita kama unaingia chumbani kwake.
Kiti kipana, kina springi.
Nyayo zikagusa sakafu, zote mbili.
Usukani ulinijia wenyewe, mgongo ukabaki wima
kama niko barazani nangoja kahawa.
Nikainama, nikaligonga kava la mnyororo kwa pete:
gauni la safari hii haliliwi.

Nikamwambia afunge kikapu mbele,
nikatia kilo tano za mchele nilizokuja nazo,
maana baskeli huijui tabia mpaka ibebe mzigo.
Usukani ukayumba. Akakaza nati. Ukatulia.

Akasema riyali sabini na tano. Nikasema hamsini na tano.
Tukakutana sitini na mbili, na kengele juu yake.

Muhannad anasema nisubiri, ataitia garini.
Nimesubiri sana, mwanangu, na sikujua kama nasubiri.

Alasiri imepoa kidogo. Nakanyaga polepole
barabara ya ndani, ukuta kwa ukuta,
mtoto mmoja ananipungia kijiko cha aiskrimu,
na nyuma yangu gari la Muhannad, taa zinamweka,
kama anasindikiza bibi harusi.
Nafika kwenye tanuri. Naweka mguu chini,
mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayeshuka kitandani.
Mikate sita, ya moto, nimeshalipa,
imo kikapuni juu ya mchele.

Yeye bado anazunguka, anatafuta pa kuegesha.