Maneno Mia na Ishirini

Kila Alhamisi, kabla hajapanda Kidia,
Mama hukaa kiti cha wateja hapa stesheneri,
mkoba magotini, na kuniambia: Andika.
Mimi nahesabu. Mia na ishirini, basi.
La mia na ishirini na moja hulikata mtu tusiyemjua
kabla ujumbe haujazamishwa
kumfuata Ndekirwa huko aliko.

Huko aliko hatuambiwi.
Nyambizi ya kushambulia, alitueleza likizo ile,
akaichora uani kwa kijiti:
urefu wake, kutoka lango la kanisa hadi kwa kina Mshiu,
nyeusi, bila dirisha hata moja.
Tumboni ina moto wa nyuklia, umewashwa mara moja,
hauchochewi tena mpaka chombo chenyewe kizeeke.
Mama, ambaye mtungi wake wa gesi haumalizi mwezi,
alicheka akashika ubavu.
Hewa wanaitoa kwenye maji. Maji ya kunywa, kwenye chumvi.
"Sasa nini huwarudisha juu?"
"Njaa, Mama. Mchele ukiisha."

Kazi yake ni kusikiliza.
Kutenga nyangumi na pangaboi,
mvua na meli iliyozima injini ikijifanya haipo.
Humo kijiko kikianguka jikoni, mtu anakemewa.
Wakubwa walimuuliza sikio hilo kalitoa wapi.
Kalitoa mfongoni. Ana miaka tisa, usiku wa zamu yetu ya maji,
Baba anamlaza shavu kwenye ukingo wa mfereji
aseme kama huko juu kuna aliyejifungulia.
Hakukosea. Usiku mmoja alitaja hadi jina,
tukapanda na tochi, tukamkuta, jembe mkononi,
hata salamu hakujibu.

Andika, kahawa imetoa maua.
Andika, Elinami ameota jino, anauma kila mtu.
Andika, ng'ombe kazaa, ndama ni jike.
Nahesabu. Mama anatazama fotokopi ikipoa.

Kuna fomu. Nakala yake niliitoa kwa mashine hii hii.
*Ukitokea msiba nikiwa chini ya maji,
nisiambiwe hadi nitakapoibuka.*
Akatia tiki. Akasaini, ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho.

Baba tulimzika wiki ya tano.
Migomba minne ilikatwa kupisha watu.
Konzi ya udongo ya Ndekirwa iko kwenye kopo la majarini
juu ya kabati, na mfuniko wake.
Hilo haliandikwi. Si uongo, anasema Mama,
ni nafasi tu.

Lakini mimi ndiye ninayehesabu.
Wiki tatu sasa neno *Baba* halimo.
Mtu aliyesikia maji yakipungua gizani kwa kiganja kimoja
atashindwaje kusikia hilo?
Namwona kalala kwenye kitanda chembamba cha chuma,
karatasi kifuani, akisikiliza pale tulipofungia.

Namwambia Mama. Ananyamaza.
Nje kijana anataka kulaminisha cheti cha kuzaliwa,
anagonga kaunta kwa sarafu.
"Yamebaki mangapi?"
"Sita."
Anafunga zipu ya mkoba, anaifungua, anaifunga.
"Andika: Baba yuko shambani, kando ya mfereji."

Nahesabu kwa vidole. Yametimia.
Ndipo alipo kweli.
Natuma, nachukua cheti cha kijana,
nakiingiza kwenye mashine, kinatoka kina moto.