Kipindi cha Neema

Waliniita nifasiri kwa siku moja:
shilingi laki moja, na chakula cha mchana.
Hapa mwaloni tuna Waganda, Wasamia, Wajaluo,
na Wakongo wawili mafundi wa injini.
Kiswahili ndicho kinachomfikia kila mmoja,
ingawa wengi walikisikia kwanza
kwa askari waliokuja kuchoma nyavu.
Kwa hiyo niliposimama nikasema, "Ndugu zangu,"
Nabatanzi alisogeza beseni lake la mukene
nyuma ya mgongo.

Mgeni akafungua karatasi.
Mkopo, nikasema, wa ustahimilivu.
"Ustahimilivu wa nani?" akauliza Wandera.
Wa kisiwa.
Akakitazama kisiwa
kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake kaajiriwa serikalini.

Mfuko wenyewe uliundwa kwa visiwa vya baharini,
nchi nzima nzima zinazoliwa na chumvi.
Kisha mtu fulani, katika ofisi fulani,
akaona vitone vyetu vya Ssese katikati ya ziwa
akasema: na hawa je?
Nililifasiri hilo polepole. Lilinipendeza,
kuonekana.

Ukuta wa mawe, mita mia nne.
Gati. Choo kisichofikiwa na maji.
Nabatanzi amehamisha choo chake mara tatu
tangu mwaka ule ziwa lilipopanda,
likachukua kanisa, likatuachia mlango.
Hakukopa.

"Miaka mitano ya mwanzo," nikasoma,
"ni kipindi cha neema."
"Amina!" akaitika mwinjilisti Birungi,
na nyuma yake wanawake wanne.
Ikanibidi nirudi.
Si neema ile, mwinjilisti.
Ni miaka ambayo deni limelala tu,
linanenepa usingizini.
Akaketi. Sijui kama amenisamehe.

Ndipo Nabatanzi akanyoosha mkono:
"Maji yakipita juu ya ukuta,
deni nalo linazama?"

Wageni walinong'onezana. Mmoja alipekua
hadi ukurasa wa sitini na kitu.
Kipo kifungu, nikasema. Maafa yakiwa makubwa,
malipo yanasogezwa mbele.
"Ukubwa anaupima nani?"
Kipimo kiko Entebbe.
"Ahaa," akasema. "Basi tujitahidi
tusizame kabla ya Entebbe."

Hilo sikulifasiri.
Mgeni alicheka hata hivyo, kwa kuwa watu walicheka.

Sahihi haikuwa yetu; Wizara ilishatia, Kampala.
Sisi tuliorodheshwa kuthibitisha tumeelezwa.
Wandera akasema dawa ya deni kulipa,
dawa ya ziwa hajaisikia,
akaandika jina lake lote, na la baba yake,
kwa herufi za mtu anayejaza fomu ya hospitali.
Dole gumba la Nabatanzi liliacha mafuta ya samaki
yakapenya kurasa tatu.
Kurasa zile zinasema mwaka wa mwisho ni 2064.
Nilimtafuta mtoto wa kumtazama nilipousoma
nikamwona mmoja, amelala mgongoni kwa dada yake,
mdomo wazi.

Laki yangu walinipa ikiwa pungufu elfu kumi.
Chakula, walisema.

Mawe yalikuja Jumanne, majahazi mawili ya mizigo.
Ukuta bado.
Nabatanzi keshaanika mukene juu ya lundo;
yanashika joto vizuri, anasema,
kuliko mchanga.