Picha Nne za Pasipoti

Kibanda changu kinatazamana na Nyayo House:
kiti kimoja, taa mbili, pazia jeupe.
Inua kidevu. Usicheke. Masikio yaonekane.
Serikali haitaki kujua kama una furaha,
inataka masikio.

Miaka kumi na minne nawapiga picha waendao,
na wakirudi kubadilisha kitabu nawapiga tena.
Ndiyo safari yangu hiyo. Mimi,
Hajara Marjan wa Makina, Kibra,
sijavuka hata Namanga,
ila kwa kuwa najifunga mtandio
kila mteja huniuliza habari za huko
kana kwamba nimeamka huko.

Yule mhadhiri: siku nne Teherani, mkutano wa maji.
"Wanawake kule," akasema, akinyoosha tai, "hawana sauti."
Nikamuuliza alizungumza na wangapi.
Akatafuta. Akatafuta tena.
"Mmoja. Wa mapokezi. Alinipa ufunguo."
Nikamwambia inua kidevu.

Jumanne ile ya mvua walikutana wawili.

Kerubo, miaka miwili na miezi mitatu Jeddah.
Mkononi kovu la pasi, pembetatu, kama bendera ya nchi ndogo.
Alilala chumba cha kufulia, mashine ikinguruma kisogoni,
na pasipoti yake ikalala pazuri zaidi,
kwenye droo ya mama mwenye nyumba, kati ya manukato.
"Dini gani hiyo?" akauliza,
wala hakunitazama mimi,
alitazama mtandio.

Nilitaka kumweleza habari ya kadhi aliyenipa nyumba ya baba,
na ya mjomba anayeikalia mpaka leo.
Nikanyamaza. Mteja ni mteja.

Nasteho wa Isili hakunyamaza.
Yeye Jeddah huenda mara tatu kwa mwaka, hununua mapazia.
"Nimetembea saa nane za usiku, dhahabu mpaka kiwikoni,
hakuna aliyenigusa! Hapa kwetu
nikivuka barabara naukumbatia mkoba kama mtoto mwenye homa.
Haki za wanawake? Nipeni kwanza haki ya kuvuka barabara."

Wakavutana. Jeddah ya huyu ikaipiga kikumbo Jeddah ya yule,
na kibanda ni hatua tano kwa nne.
Aisifuye mvua imemnyea, nikawaza,
naye aitukanaye, mbona hajakauka?
Wahenga walituambia tembea uone.
Hawakutuambia utapewa dirisha gani.

Umeme ukakatika.

Gizani Kerubo akauliza, polepole, bila ugomvi:
"Kwa hao matajiri wako wa mapazia,
kahawa ilikuwa inaletwa na nani?"

Mvua ilipiga mabati.
Nasteho alikaa kimya kiasi cha rakaa mbili.
"Alikuwako msichana," akasema.
"Soksi za kijani. Alitembea bila kishindo.
Aliniongezea tende hata kabla sijaomba.
Uso..."
Akaanza tena. "Uso siukumbuki."

Nikahisi kama kuna aliyeshinda, sijui nani,
na nilikuwa tayari kumshangilia,
ndipo Mutheu akausukuma mlango kwa goti,
chupa ya chai kifuani, leso imelowa mpaka mabegani,
kama kila siku, saa nne kamili, tangu mwaka juzi.
Na sijui analala wapi.
Najua tu hasahau kwamba sitii sukari.

Taa zikarudi, tukakunja macho.
Kerubo alivuta mkono wa sweta ufunike kovu,
Nasteho akamwekea kola sawa, bila neno,
akakaa pembeni kungoja zamu.
Nikapiga. Nikapiga na ya pili, huyu naye.
Hazikutofautiana sana:
nyuma yao weupe uleule usiosema ni nchi gani.

Mutheu alikuwa anakusanya vikombe vya jana.
Kaa hapo kitini, nikamwambia, nikupige.
Akajifuta mikono kwenye leso,
akalitazama lile pazia kwa mashaka.

"Picha ya kwenda wapi?"