Upana wa Kidole Gumba

Saa tano usiku, Mbale. Umeme umejiendea bila kuaga,
betri imebaki asilimia kumi na tisa.
Nasogeza kitufe pikseli mbili kushoto,
nakirudisha moja kulia.
Nyuma ya dirisha mwamba wa Wanale umesimama gizani,
nao haujawahi kuulizwa kama uko katikati.

Kazi yangu ni uso.
Kuloba na seva zake wakikosea, huko nyuma kusikoonekana,
watu husema, "Mtandao leo mbovu."
Nikikosea mimi husema, "Nani katengeneza hii?"
Mama, kule Arua, huwaambia majirani kwamba napaka rangi kompyuta.
Nilinuna mwaka mzima.
Kisha nikaacha, maana hakuwa amedanganya sana.

Kiswahili hiki nilikipata kambini,
chini ya mabati ya polisi, alikolala baba kati ya zamu na zamu.
Shuleni wakakiita lugha ya kuamrisha na kupora.
Kwa hiyo ushirika wa kahawa ulipotaka kurasa za lugha tatu,
kwa kuwa wanunuzi wengine huvuka mpaka,
nilikaa kimya kidogo, ndipo nikainua mkono.
Nikaandika: *Tafadhali weka uzito wa kahawa yako.*
Nikaitazama ile tafadhali kwa muda mrefu.
Kambini sikuwahi kusikia mkulima akiambiwa hivyo.

Kitufe kilikuwa kijani, kijani cha jani changa la mbuni,
kivuli chake chepesi, pembe zimelainika
kama sabuni iliyotumika wiki nzima.
Nilikipima kwa macho yangu ya miaka ishirini na saba,
kwa intaneti ya ofisi,
kwa kidole kilichotoka kunawa.
Meneja akasema, "Safi." Nami nikaamini.

Jumanne tukapanda mlimani kwa boda mbili,
tope hadi magotini, Kuloba akilaani viatu vyake vipya.
Nambozo alikuwa anaanika kahawa.
Akafuta mikono kwenye leso, akapokea simu ya mwanawe,
ufa umeikata kioo kutoka kona hadi kona.
Akagusa.
Kimya.
Akagusa tena. Ngozi ya kidole chake
imekunywa utomvu wa misimu thelathini;
kioo hakikumtambua kuwa ni mtu.
Mara ya tatu kidole kikateleza kikaangukia jirani,
neno dogo jekundu nililoliweka pale ili mstari upendeze:
*Futa.*

Kilo arobaini na mbili zikatoweka.
Naye akageuka, akaniambia taratibu,
"Nisamehe, mwanangu. Mimi sikusoma."

Yeye. Aniombe msamaha mimi.

Sikupata jibu. Nilisaidia kugeuza kahawa juani
hadi Kuloba aliponiita twende.

Basi usiku huu navunja.
Kivuli nimekitoa, na ile picha nzito ya bonde
iliyokuwa ikila bando la watu kabla hawajasalimiwa.
Futa nimeihamishia mbali, na sasa inauliza kwanza: *Una hakika?*
Kitufe nimekipanua hadi upana wa kidole gumba,
si changu. Nilikumbuka chake,
nikaongeza kidogo kwa ajili ya baridi na haraka.
Meneja atasema kinafanana na mlango wa ghala.
Na aseme.

Asilimia nne.
Kwenye simu moja ya zamani maandishi bado yamekwenda upande,
pikseli moja tu. Nayaona. Nayaacha.

Asubuhi Kuloba ananipigia kabla sijanywa chai:
kutoka kule juu kumeingia uzito mmoja, saa kumi na mbili na robo.
Kilo nne.
Nne? Siyo arobaini na nne?
Nne, anasema.
Huenda alikuwa anajaribu tu.
Huenda sifuri zangu ni ndogo.
Natafuta viatu vya tope.