Nyavu za Vitunguu

Vuli iliyopita, shambani kwa Faki Shaame, Mtambwe,
nilizika majani makavu
ndani ya nyavu nyekundu za vitunguu,
kila wavu na kibao chake, namba kwa kalamu ya risasi,
maana wino hauistahimili mvua ya Pemba.

Mikarafuu miwili, hatua saba kati yake.
Umri mmoja, udongo mwekundu ule ule.
Lakini mmoja mche wake ulitoka Ole, kwa bibi yake Faki,
na wa pili uliletwa na serikali ndani ya debe.
Tafuna jani la Ole, ulimi unakufa ganzi.
La debe linapita kama maji ya jana.

Nikamwambia: ukali huo mti umeurithi,
kama mwanya wa ukoo wenu.
Akacheka, ukaonekana.

Jani likianguka halijanyamaza.
Mafuta yake yanashuka na mvua, pole pole,
hadi kwa wale tusiowaona,
kijiko kimoja wengi kuliko watu wa Wete na Chake Chake.
Wengine harufu tu inawaua.
Wengine wanaila,
wakatandaza kuvu nyeupe, nyembamba
kuliko uzi wa kofia ya vito.

Masika yalipoisha nikafukua.
Jani la debe chini ya mti wake: vishipa vitupu.
Jani la Ole chini ya mti wa debe: zima,
kama pilipili kwenye sahani ya mtoto.
Jani la Ole kwa mama yake:
limeliwa.

“Wamezoea,” akasema Faki.
Nilikuwa na neno refu zaidi. Nikaliacha.

Kisha akaniuliza habari za ule wavu mmoja
alioniomba nikauzike Ole kwenyewe,
kwenye kisiki cha mkarafuu wa bibi,
uliokatwa mwaka aliozikwa.
Sasa ni mihogo tu pale.
Tukaenda. Tukafukua kwa mikono.

Nusu.
Nimeandika hivyo daftarini: nusu.
Sijui udongo unasahau kwa mwendo gani,
wala nani kati yao, huko chini,
bado anangoja jani la mti usiokuwepo.

Nyumbani Mize hakunikubalia nikande unga.
Vidole vyangu, alisema, vinanuka karafuu
na kitu kingine
asichokijua jina.