Usiandike, Nakujua

Januari, na baridi ya Vale de Urze ina meno.
Nimejitwika mkoba wa kikosi:
kitabu cha risiti, kalamu mbili
(moja hugandisha wino),
na jina la baba yangu,
ambalo halimo mkobani
ila ndilo zito.

Belmiro, mweka hazina wa wazimamoto wa kujitolea.
Miaka tisa watu walimpa ada mlangoni:
euro mbili, euro tatu,
soseji msimu wa kuchinja nguruwe.
Haba na haba, kibaba kikajaa.
Kumbe kibaba kina tundu,
na tundu linaijua njia ya kasino.

Agosti moto ulipopanda mlima
gari la pili halikuwaka.
Betri yake mpya ilikuwemo daftarini tu.
Evaristo alipoteza ghala na mizinga ya nyuki,
arobaini na mmoja.
Aliihesabu majivuni, akiinama kila mmoja.

Kamanda akauliza nani atapita milangoni.
Nikasema, mimi.
Akanitazama
kama mtu anayeona kuni zikijipeleka jikoni.

Mlango wa kwanza: "Damu ni damu,"
komeo likaitikia.
Sikumlaumu Quintela.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo,
na mimi sikuwa hata ung'ongo,
nilikuwa kinda la nyoka yuleyule.

Mlango wa pili, wa tatu, mbwa.
Wa saba, Dona Hermengarda
akanipa euro moja, kisha hakuiachia.
Tukaishika wote wawili, kizingitini,
kama watoto wanaogombea kashata.
"Nisomee ulichoandika."
Nikamsomea. "Tena."
Nikamsomea mpaka tarehe,
mpaka jina langu lote, na la baba ndani yake.
Ndipo vidole vyake vikalegea.

Kila Ijumaa nilibandika hesabu mlangoni pa duka la mikate:
*Zimeingia, hamsini na tatu.
Betri, bado.
Kahawa ya zamu ya usiku, nne na senti ishirini.
Wiki iliyopita nilikosea kujumlisha, senti tisini. Samahani.*
Mwalimu mstaafu akaja na penseli nyekundu,
akanipata na kosa jingine.
Nikaliacha lionekane na wekundu wake.

Hapo ndipo watu walipoanza kusimama.
Hawakuja kutoa, walikuja kubisha.
Tairi bei hiyo? Nani kakuuzia?
Fundi Anselmo akaapa atalipata kwa nusu,
akalipata kwa robo tatu, akachekwa wiki nzima.
Wanawake wakasoma hesabu zangu kwa sauti
huku mikate ikipoa vikapuni.
Quintela naye, nilimwona,
akisoma kwa mbali, akijidai anatafuta miwani.

Baba hutoka nyumbani usiku tu.
Siku moja alisimama mbele ya karatasi ile
muda mrefu, duka limefungwa.
Sijui alisoma nini. Sikumuuliza.
Asubuhi kona moja ya karatasi, iliyokuwa imebanduka,
ilikuwa imebandikwa upya.

Evaristo hakunipa hata senti.
Aliniambia, "Nitakupa Jumamosi zangu."
Akaja kuosha mipira ya maji,
kuianika kama matumbo ya ng'ombe,
kimya, miezi kumi, bila kunitazama usoni.
Betri ikanunuliwa. Ada zikarudi, si zote.
Kuna milango mpaka leo naipita kwa kunyata.

Jana, theluji ya kwanza, alinisimamisha darajani.
Noti ya euro tano, imekunjwa mara nne,
inanuka moshi wa kufukizia nyuki:
ana mizinga mitatu sasa.
"Usiandike," akasema. "Nakujua."

Nilifungua kitabu.
Kalamu niliyoshika ilikuwa ile mbovu.
Nikaipulizia pumzi, yeye akingoja,
nikaipulizia tena
mpaka ikaandika.